Tulivuka

Katika somo letu la sheria za wakimbizi, Tanzania hukaa upande mmoja tu wa mpaka. Ni nchi inayopokea. Fungua mihutasari ya muhula wa kwanza utaikuta Rusumo ya tarehe 28 Aprili 1994, pale watu wapatao robo milioni walipovuka daraja kutoka Rwanda wakaingia Ngara ndani ya saa ishirini na nne. Utazikuta Katumba, Mishamo na Ulyankulu, makazi ya Warundi wa mwaka 1972, ambao wao na watoto wao zaidi ya 160,000 walikuja kupewa uraia. Utamkuta Mwalimu Nyerere na tuzo ya Nansen ya mwaka 1983. Hata aibu zetu ni aibu za mwenyeji: Desemba 1996, serikali na UNHCR walipowatangazia Wanyarwanda kwamba wote wawe wamerudi kwao kabla mwezi haujaisha, na wanajeshi wakapangwa njiani ili tangazo lisibaki tangazo.

Kwenye ramani za darasani mishale yote inaingia. Inatoka Rwanda, Burundi, Kongo, Msumbiji ya enzi za vita, inaishia kwetu kama mito inayomwaga ziwani. Lakini upo mshale mmoja unaotoka. Ni mfupi mno kuonekana kwenye ramani ya Afrika. Haufiki kilomita 60, na zote ni maji, kutoka ncha ya kaskazini ya Pemba hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Mimi nilisafiri ndani ya mshale huo nikiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, nimefungwa kwa kanga kifuani mwa mama.

Natoka Micheweni. Kwa asiyepajua, ni kaskazini-mashariki ya kisiwa. Ile Pemba ya picha za watalii, ya vilima vya kijani na harufu ya karafuu barabarani, ipo zaidi upande wa magharibi. Kwetu ni nchi ya mawe. Muhogo hupandwa kwenye mianya ya matumbawe, wanaume huvua, wanawake hulima mwani maji yakitoka, na yakijaa huketi juani kuponda kokoto za kuwauzia wajenzi. Msomi yeyote wa Zanzibar akitaka mfano wa umaskini vijijini huja kwetu na dodoso lake. Tumezoea kuhojiwa. Tumezoea kuulizwa tunakula mara ngapi kwa siku na choo chetu kimeezekwa kwa nini. Kuhusu Januari 2001, dodoso hazina swali.

Mambo yenyewe yameandikwa, ingawa si kwenye vitabu vyetu vya skuli. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2000 ulivurugika Zanzibar hadi ukarudiwa katika majimbo 16 wiki moja baadaye. CUF wakagomea marudio hayo na wakakataa kumtambua Amani Abeid Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Chama kikaitisha maandamano tarehe 27 Januari 2001 kudai uchaguzi mpya na katiba mpya. Serikali ikayapiga marufuku. Siku ile, Jumamosi, watu wakatoka. Micheweni, Wete, Chake Chake, na Unguja. Polisi wakafyatua risasi za moto. Kwetu Micheweni askari polisi mmoja naye aliuawa, na sioni sababu ya kumwacha nje ya hesabu kwa kuwa tu alivaa sare.

Hesabu yenyewe ina matoleo matatu. Serikali ilianza kwa kutaja waliokufa 23. Tume ya Rais iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikaja kutaja 31. Human Rights Watch, katika ripoti yao ya mwaka 2002, wakasema wasiopungua 35, na majeruhi zaidi ya 600. Kwenye tasnifu nitaziweka zote tatu, kila moja na tanbihi yake. Nyumbani hakuna anayehesabu hivyo. Watu wanahesabu kwa nyumba: kwa fulani mmoja, kwa fulani wawili, kwa fulani yule aliyebaki na mguu mmoja.

Na si risasi za siku moja peke yake zilizovusha watu baharini. Ni siku zilizofuata. Askari waliingia majumbani usiku, wanaume wakakamatwa na kupigwa, mali zikachukuliwa, na kuna mambo waliyofanyiwa wanawake ambayo ripoti imeyaandika na vijiji havijayasema kwa sauti mpaka leo. Wanaume walihamia kulala mikokoni na vichakani. Mikoko ya Januari ina mbu na joto, na mtu hawezi kulala humo wiki nzima akaamka kwenda kuvua. Basi wakaanza kuondoka, kwa mashua, kwa jahazi, kwa chochote chenye tanga au mashine. Zaidi ya watu 2,000 walifika Shimoni. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni kwenye kambi za magharibi, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Maafisa walikuwa Kigoma na Kasulu wakigawa mahindi kwa waliokimbia kwao, na sisi tulikuwa kwenye mkondo wa Pemba tukitapika.

Niliyasema haya kwenye semina, mwaka jana, zamu yangu ya kuwasilisha ilipofika. Semina zetu ni za Kiingereza, na Kiingereza kina faida yake: kinakupa umbali. Niliwasilisha dakika ishirini bila kusema kwamba nilikuwamo. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja wa kutoka bara, mtu muungwana asiye na nia mbaya hata kidogo, akauliza: kwa nini hawakukimbilia Tanga?

Ni swali zuri. Ni swali ambalo afisa wa hifadhi Ulaya angeliuliza dakika ya tano ya mahojiano. Sheria ya wakimbizi ina fundisho zima juu yake, la mbadala wa kupata usalama ndani ya nchi yako mwenyewe: kama ungeweza kuhamia mji mwingine ukaishi salama, kwa nini ukagonge mlango wa jirani? Na Tanga ipo, ng'ambo ya maji, mashua za Pemba huenda huko kila siku. Wapo waliokwenda Tanga. Wapo waliokwenda Dar es Salaam na hawakurudi tena, wakafungua maduka Kariakoo, leo watoto wao husema Kiswahili cha huko.

Nilimjibu kwa Katiba. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano. Askari aliyefyatua Micheweni na askari wa kituo cha Tanga walikuwa na amirijeshi mmoja, sare moja, na Inspekta Jenerali mmoja. Fundisho lile la mbadala linadhani mtesaji wako ana mipaka, kwamba ni kabila la bonde fulani au waasi wa mkoa fulani. Anayekukimbiza akiwa ni dola yenyewe, mkoa wa pili ni chumba cha pili ndani ya nyumba hiyohiyo. Mhadhiri alitikisa kichwa kukubali, akaandika kitu.

Tukaingia kwenye fasili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtaka mkimbizi awe na hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mwanachama wa CUF aliyeandamana anaingia hapo bila kubisha hodi. Mama yangu je, ambaye siku ile alikuwa akianika mwani? Mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu ana maoni gani ya kisiasa? (Darasa lilicheka. Nilicheka nalo.) Ndiyo maana naupenda Mkataba wa OAU wa mwaka 1969, uliotungwa Addis Ababa na viongozi ambao baadhi yao wangekuja kuwa sababu ya wakimbizi wao wenyewe. Mkataba huo unamtambua pia mtu aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma, na unaongeza maneno machache ambayo niliyapigia mstari mara mbili: ama katika sehemu ya nchi yake, ama katika nchi nzima. Sehemu. Pemba ni sehemu. Haikuhitajika Tanzania yote iungue ili mama yangu awe mkimbizi.

Kenya ilikuwa imeridhia mikataba yote miwili, lakini mwaka 2001 haikuwa na sheria yake ya wakimbizi. Hiyo ilikuja 2006. Kwa hiyo mambo yaliendeshwa na UNHCR na utaratibu wa serikali wa kuwaweka wakimbizi makambini. Kundi moja la Wapemba lilihamishwa kutoka Shimoni likapelekwa Dadaab. Mtu aliyekulia Micheweni, ambaye kila asubuhi anajua saa kwa kuangalia maji yamefika jiwe gani, akaamka kwenye mchanga usio na bahari, kilomita mamia kutoka pwani, karibu na mpaka wa Somalia, kambini kwa Wasomali. Na wapo walioendelea mbele. Kwa miaka kumi na zaidi kulikuwa na Wazanzibari wakiishi Mogadishu. Wasomali walikuwa wakiikimbia Mogadishu kwenda Kenya. Wapemba waliondoka Kenya wakaingia Mogadishu. Julai 2012, UNHCR iliwarudisha Zanzibar watu 38 kutoka huko. Kila nikiitaja habari hii mbele ya wanafunzi wenzangu huniambia nimekosea mwelekeo.

Likizo nilikwenda nyumbani kukusanya simulizi. Nilikuwa na kinasa sauti, daftari, na fomu za ridhaa zilizopitishwa na kamati ya maadili ya chuo. Nilidhani mhojiwa rahisi kuliko wote atakuwa mama.

Mama anasoma vizuri. Alivaa miwani, akaisoma fomu yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, kwa utulivu ule anaousomea risiti ya mnunuzi wa mwani. Akarudi juu kwenye kichwa cha habari, akaweka kidole.

"Hapa umeandika nini?"

"Uzoefu wa wakimbizi wa Pemba nchini Kenya."

"Wakimbizi ni nani?"

"Ni nyie, Mama. Ni sisi."

"Sie hatukuwa wakimbizi," akasema. "Sie tulivuka."

Nilianza kumweleza fasili. Nilifika hadi 1969. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza muuza dawa wa gulioni, kwa adabu na bila kutoa pesa. Kisha akaniambia mkimbizi ni mtu wa kwenye televisheni, ana hema na sahani, haijui nchi aliyofikia na nchi hiyo haimjui. Yeye alifika Shimoni akakuta watu wanaosema kama yeye. Mwanamke mmoja aliyempa maji alikuwa na nasaba Tumbe. Samaki ni walewale, nazi ni zilezile, adhana ni ileile. Watu wa Micheweni wamekuwa wakivuka kwenda Shimoni, Wasini na Vanga tangu kabla hapajakuwa na Kenya wala Tanzania. Walivuka kufuata samaki, walivuka kuoa. Miaka ya Mzee Karume, chakula kilipokuwa haba na kuondoka ni kosa, walivuka usiku vilevile. Bibi yake mzaa mama alivuka. "Na yeye utamwita mkimbizi?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka, na hadi leo sijalipata lote. Kiingereza humwita mtu huyu kwa kile anachokitafuta: kimbilio, kinga. Kiswahili humwita kwa kile alichokifanya miguu yake. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia. Na Micheweni mtu aliyekimbia ana deni, kwa sababu wapo ambao hawakukimbia, na baadhi yao wapo makaburini. Nadhani ndicho mama alichokuwa akikisema kuhusu sahani na hema. Kuvuka hakuna lawama. Kila mtu anavuka.

Lakini mimi nasomea sheria, na sheria ina sababu yake ya kulihitaji lile neno chungu. Anayevuka tu anaweza kurudishwa na afisa uhamiaji yeyote jioni hiyohiyo. Mkimbizi harudishwi. Katazo hilo, la kutomsukuma mtu arudi kwenye hatari, ndiyo nguzo ya jengo zima. Likiondolewa, yaliyobaki ni mablanketi. Mama alilala salama Shimoni kwa sababu mahali fulani kwenye karatasi mtu alimwandika kwa neno analolikataa. Nilimwambia hivyo. Akasema: "Basi wangeliandika tu wasinambie."

Kuhusu kurudi hakuwa na maneno mengi. Walikaa Shimoni miezi mitatu na siku. Masika yalikuwa yanaingia, shamba halingojei, na baba alisikia kwamba nyumba bado ina mlango. Wengi wa waliovuka walirudi mwaka huohuo. Tarehe 10 Oktoba 2001 CCM na CUF wakatia saini Muafaka wa pili, ule uliozaa Tume ya Mbita. Vitabu vyetu huita hali hii kurudi kwa hiari, na wanazuoni wameandika mengi kuhusu hiari ni nini hasa, mtu akiwa na mtoto anayeharisha upande mmoja na shamba lisilolimwa upande wa pili. Nikimuuliza mama kama alirudi kwa hiari ananijibu kwamba alirudi kwa mashua.

Ambaye hakurudi ni ami, mdogo wake baba.

Sitataja kijiji anachoishi. Ni pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa, na ana mke wa huko na watoto wanne. Aliandamana siku ile akiwa na miaka kumi na tisa. Baba amerudi, jirani zake wamerudi, Muafaka umesainiwa, chama chake kimeingia kwenye Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010, kimetoka, watu wale wamehamia chama kingine na kuingia tena serikalini. Ami hajarudi hata kwa mazishi ya mama yake.

Darasani ami ana kifungu chake. Mkataba wa 1951 unasema hadhi ya ukimbizi hukoma pale mazingira yaliyomfanya mtu akimbie yanapokwisha. Upo pia msamaha mdogo kwa mwenye sababu nzito zitokanazo na mateso aliyoyapata nyuma. Ukisoma kwa makini, msamaha huo uliandikwa kwa ajili ya wakimbizi wa zamani, waliokwishatambuliwa kabla ya 1951, ingawa UNHCR na wanazuoni wengi wanataka upokelewe kama kanuni ya utu kwa wote. Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji kwa mtihani. Nilikuwa natafuta kama ami anaingia. Nadhani anaingia, lakini angehitaji kukaa mbele ya mtu na kumweleza alichokiona, na hajawahi kumweleza hata mkewe.

Kisha ikaja 2023. Kwenye pwani ya Kenya, Kilifi na Kwale, kuna Wapemba wa zamani, familia za wavuvi zilizohamia huko kabla ya uhuru, wakazaliana bila uraia wa popote. Hawakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kukata leseni ya uvuvi, kufungua akaunti, wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Walidai kwa miaka mingi, wakifuata njia iliyofunguliwa na Wamakonde wa Kwale waliotambuliwa kabla yao. Januari 2023 Rais William Ruto akaitambua jamii ya Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za Kenya, na Julai mwaka huo, Kilifi, wakaanza kupewa vitambulisho. Wanakadiriwa kuwa watu 7,000. Nilifurahi kama vile nimepata mimi.

Lakini sheria iliyowasaidia, ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011, inamtazama asiye na uraia aliyekuwapo Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, na watoto wake. Ami alifika Februari 2001. Anasema kama wao, anavua nao, ameoa kwao, na kwenye mashua huwezi kumtofautisha. Watu wakamshauri aseme tu amezaliwa pale. Nani atakwenda Micheweni kuulizia? Alinitumia ujumbe wa sauti kuhusu jambo hili. Upepo ulikuwa mwingi na nusu ya maneno yalipotea, lakini hili lilisikika vizuri: "Baba yangu kazikwa Micheweni, mwana wa kaka. N'ende nikaseme nimezaliwa kuno?"

Kwa hiyo ami si Mkenya, na kisheria hakosi uraia, kwa sababu Tanzania haikumvua wa kwake. Hati yake ya Shimoni iliisha muda zamani. Sheria ina mlango wa anayerudi na mlango wa aliyekaa tangu enzi za wazee, na yeye yupo ukutani katikati, anavua kwa leseni ya shemeji yake. Nilimuuliza kama anajiona mkimbizi. Akanijibu kwamba yeye ni mvuvi, na kwamba nikija nimletee mkate wa ajemi.

Msimamizi wangu, nilipompelekea sura ya kwanza, alipenda habari ya ami kuliko zote. Alisema ni pengo halisi kwenye sheria na nisiliache. Kuhusu mama alikuwa na wasiwasi. Ukiliondoa neno mkimbizi kwenye fomu, aliandika pembeni kwa wino mwekundu, utafiti wako utabaki kwenye uwanja gani? Ni haki yake kuuliza. Idara yetu imejengwa juu ya neno hilo. Ukisema watu walivuka, utahamishiwa kwa wanahistoria wa Bahari ya Hindi, ambao wana fedha kidogo kuliko sisi. Tulijadiliana kwa barua pepe nne. Mwisho tukakubaliana kwamba neno litabaki kwenye tasnifu, kwa lugha ya sheria na kwa maelezo kwa nini linakataliwa, na fomu itasema wanavyosema wenyewe.

Nikaenda Konde kwenye duka la fotokopi. Umeme ulikuwa umekatika, nikakaa barazani hadi baada ya alasiri. Fomu mpya ilisema: watu waliovuka kwenda Shimoni mwaka 2001. Nilipiga nakala thelathini.

Mama aliisoma tena yote, hata sehemu ambazo hazikubadilika. Akauliza karatasi hii itawekwa wapi. Nikamwambia kwenye kabati la chuo lenye kufuli, na jina lake litaandikwa kwa namba. Akauliza ufunguo anao nani. Ndipo akaniambia, kwa mara ya kwanza, kwamba Shimoni walipopangwa mstari kuandikishwa, alitoa jina la marehemu dada yake. Aliogopa orodha itarudi Micheweni kabla yake. Miezi mitatu aliitwa kwa jina hilo kwenye foleni ya unga, na mimi nikaandikwa kuwa mtoto wa mama mkubwa aliyekwisha kufa.

"Kwa hiyo kwenye makaratasi yao mimi sikuvuka kabisa," akasema. Alionekana kuridhika nalo.

Akatia saini, jina lake lote matatu, kwa herufi kubwa. Akasogeza kiti kutoka juani. Nikawasha kinasa sauti, nikataja tarehe na mahali kama tulivyofundishwa, nikamwomba aanze popote apendapo. Nilitegemea aanze na risasi. Alianza na mbuzi waliyemwacha amefungwa nyuma ya nyumba, wa rangi gani, ana mimba ya miezi mingapi, na kamba ilikuwa ndefu kiasi gani.